James Watt: Fundi aliyeng'ang'ania modeli iliyogoma kufanya kazi

Ukienda dukani kununua balbu, muuzaji atakuuliza unataka ya wati ngapi. Pasi ina wati zake, feni ina wati zake, na uniti unazonunua za LUKU nazo zinahesabiwa kwa kilowati-saa. Neno hilo limetokana na jina la mtu. James Watt alikuwa fundi kutoka Scotland, aliyefariki mwaka 1819, miaka mingi kabla ya balbu kuingia majumbani. Injini zilizomletea sifa zilitumia moto, maji na makaa ya mawe, wala hazikuhusiana na umeme.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Watt ndiye aliyevumbua injini ya mvuke. Sivyo. Thomas Newcomen, Mwingereza, alisimamisha injini yake ya kusukuma maji ya mgodini mwaka 1712, miaka 24 kabla Watt hajazaliwa. Ipo pia hadithi ya Watt akiwa mtoto, ameduwaa akitazama mfuniko wa birika ukirushwa na mvuke. Ni hadithi tamu, lakini haituelezi alichokifanya hasa.

Alichokifanya kilianzia kwenye meza ya kazi, pembeni ya tupa, jiliwa na vipande vya shaba, alipoletewa modeli ndogo ya injini ya Newcomen aitengeneze. Aliitengeneza, lakini ikawa inakwenda mara chache kisha inasimama. Angeweza kuirudisha kwa wenyewe na kuchukua ujira wake. Badala yake akaanza kujiuliza kwa nini injini kubwa inakwenda na ndogo inagoma. Swali hilo lilimpa jina, na pia lilimgharimu miaka mingi ya maisha yake.

Meza ya kazi ya mtoto

Watt alizaliwa Januari 1736 huko Greenock, mji wa bandari magharibi mwa Scotland, pale mto Clyde unapoingia baharini. Baba yake, ambaye naye aliitwa James, alikuwa fundi wa meli na mfanyabiashara. Aliuza vifaa vya meli na kurekebisha dira na vipimo vingine ambavyo manahodha walivitegemea baharini. Mama yake, Agnes Muirhead, alitoka katika familia ya wasomi.

Mtoto huyo alikuwa dhaifu wa mwili. Alisumbuliwa na maumivu makali ya kichwa ambayo hayakumwacha hata utu uzimani, na kwa muda mrefu alisomea nyumbani. Lakini katika karakana ya baba yake alikuwa na meza yake ndogo na zana zake mwenyewe. Hapo alivunja, akaunganisha, na kutengeneza modeli za vitu alivyoviona bandarini, zikiwemo winchi za kuinulia mizigo. Mafundi wa baba yake waliona mapema kwamba kijana ana mkono wa kazi.

Mama yake alifariki mwaka 1753, na biashara ya baba ikaanza kuyumba. Ilibidi kijana ajitafutie riziki. Alichagua ufundi wa vipimo vya hisabati, yaani kutengeneza dira, mizani, rula na vyombo vya kupimia pembe za jua na nyota. Alikwenda Glasgow, akakosa wa kumfundisha. Mwaka 1755, akiwa na miaka 19, akaelekea London.

London nako kulikuwa na kikwazo. Kwa kanuni za vyama vya mafundi, mwanafunzi alipaswa kutumikia miaka 7 kabla ya kuitwa fundi kamili. Watt hakuwa na miaka 7 wala fedha za kukaa muda wote huo. Hatimaye fundi mmoja wa mtaa wa Cornhill, John Morgan, alikubali kumfundisha kwa mwaka mmoja tu, kwa malipo ya gini 20 pamoja na nguvu kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Watt alifanya kazi tangu asubuhi hadi usiku, alikula kwa kujinyima, na hakutembea ovyo mitaani, kwa sababu vijana wasio na utambulisho wa chama walikuwa wakikamatwa na kupelekwa kwa nguvu kwenye meli za kivita. Mwaka ulipoisha afya yake ilikuwa imedhoofika, lakini mikono yake ilikuwa imeiva.

Karakana ndani ya chuo kikuu

Alirudi Scotland mwaka 1756 akitaka kufungua kazi yake Glasgow. Chama cha mafundi wa nyundo cha mji huo kilimwekea kizuizi: hakuwa ametumikia miaka 7. Aliyemwokoa ni Chuo Kikuu cha Glasgow. Chuo kilikuwa kimepokea vyombo vya kutazamia nyota vilivyoachwa na mfanyabiashara aliyeishi Jamaica, na vilikuwa vimeharibika kwa chumvi ya bahari. Watt alivisafisha na kuvirekebisha. Mwaka 1757 chuo kikampa chumba ndani ya eneo lake, ambako chama cha mji hakikuwa na mamlaka.

Karakana hiyo ikawa kijiwe. Walimu na wanafunzi walipita kupiga soga na kutazama kazi. Miongoni mwao alikuwa Joseph Black, mwanakemia aliyekuwa akichunguza tabia za joto, na John Robison, mwanafunzi ambaye baadaye alikuwa profesa. Watt hakuwahi kukaa darasa la chuo kikuu, ila watu hao walizungumza naye kama mwenzao.

Kazi ya vipimo peke yake haikulipa vya kutosha. Mwaka 1759 aliingia ubia na John Craig, wakafungua duka mjini. Walitengeneza na kuuza hata vyombo vya muziki na vitu vya kuchezea watoto. Watt alitengeneza filimbi, magitaa na hata kinanda cha mabomba, ingawa inasemekana hakuwa na sikio la muziki. Alisoma kanuni za sauti vitabuni, akapima, akakata, akajaribu tena. Mwaka 1764 alimwoa binamu yake, Margaret Miller.

Kuna upande mwingine wa miaka hiyo ambao simulizi za zamani hazikuutaja. Utajiri wa Glasgow na Greenock ulitegemea tumbaku na sukari iliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, na familia ya Watt ilifanya biashara na makoloni hayo. Barua zilizohifadhiwa zinaonyesha kwamba mwaka 1762 James Watt mwenyewe alishughulikia kumpeleka mtoto mweusi aliyeitwa Frederick kwa familia moja ya Scotland. Baadaye, injini za kampuni yake ziliuzwa pia kwenye mashamba ya miwa ya Karibiani. Haya nayo ni sehemu ya maisha yake.

Kikombe na sufuria

Katika majira ya baridi ya 1763 kuelekea 1764, Watt aliletewa modeli ya injini ya Newcomen iliyotumika kufundishia wanafunzi wa chuo. Ilikuwa imeshapelekwa London kwa fundi mwenye jina, na haikupona. Silinda yake ilikuwa na upana wa takriban sentimita 5, na pistoni ilitembea sentimita 15. Injini halisi za migodini zilikuwa na silinda ambazo mtu mzima angeweza kuingia ndani.

Tuelewe kwanza injini ya Newcomen ilivyofanya kazi. Boila inachemsha maji, mvuke unapanda na kujaza silinda chini ya pistoni. Kisha maji baridi yanarushwa ndani ya silinda hiyo hiyo. Mvuke unapopoa ghafla unarudi kuwa maji kidogo sana, na ndani ya silinda kunabaki utupu. Hewa ya nje inaikandamiza pistoni kushuka. Pistoni imefungwa kwenye boriti kubwa inayocheza kama pembea ya watoto: upande huu ukishuka, upande wa pili unapanda na kuvuta maji kutoka mgodini. Halafu mvuke unaingia tena, na kazi inaanza upya.

Watt aliirekebisha modeli na kuiwasha. Ikaenda mara chache, mvuke ukaisha, ikasimama. Boila yake kwa kuitazama ilikuwa kubwa ya kutosha. Mvuke ulikuwa unakwenda wapi?

Jibu la kwanza lilitokana na udogo wenyewe. Mpishi yeyote anajua kwamba chai ndani ya kikombe inapoa haraka kuliko chai ndani ya sufuria kubwa. Ukipunguza vipimo vyote vya chombo kuwa nusu, eneo la kuta zake linakuwa robo, lakini ujazo wake unakuwa sehemu moja ya nane tu. Maana yake, kila tone la mvuke kwenye modeli lilikuwa na ukuta mara nyingi zaidi wa kulipokonya joto kuliko ilivyokuwa kwenye injini kubwa. Tena silinda ya modeli ilikuwa ya shaba, na shaba hupitisha joto upesi.

Wengi wangeishia hapo: modeli ni ndogo mno, basi. Watt aliona jambo ambalo wenye injini kubwa hawakuliona kwa sababu kwao lilijificha. Ugonjwa wa modeli ulikuwa ndani ya injini kubwa pia, ila kwenye modeli ulionekana wazi. Kila mzunguko, silinda ilipozwa kwa maji, kisha mvuke mpya ukatumika kuipasha moto upya kabla ya kufanya kazi yoyote. Alipopiga hesabu, alikuta kwamba karibu robo tatu ya joto lote ilikuwa inapotea kwa njia hiyo. Migodi ilikuwa inachoma milima ya makaa kupasha chuma moto na kukipoza.

Alifanya majaribio yake kwa vyombo vya kawaida: birika, chupa za dawa, mizani. Alipima mvuke unachukua nafasi kiasi gani, akapata kwamba maji yakigeuka mvuke yanatanuka takriban mara 1,800. Pia alikuta mvuke kidogo unaweza kuchemsha maji baridi yenye uzito mara sita ya uzito wake, jambo lililomshangaza. Joseph Black ndiye aliyemweleza sababu: maji yanapogeuka mvuke hubeba joto jingi ambalo kipimajoto hakilionyeshi, na mvuke unapopoa joto hilo hutoka. Black alikuwa tayari ameligundua na kulifundisha. Watt alikuwa amelifikia kwa mikono.

Jumapili moja ya Mei

Tatizo sasa lilikuwa na sura ya fumbo. Ili mvuke usipotee, silinda ibaki ya moto muda wote. Ili pistoni ishuke, mvuke lazima upozwe. Chombo kimoja hakiwezi kuwa cha moto na cha baridi kwa wakati mmoja.

Watt alikaa na fumbo hilo zaidi ya mwaka. Jumapili moja ya Mei 1765 alitoka kutembea kwenye uwanja wa Glasgow Green, na jibu likamjia njiani. Mvuke hukimbilia penye utupu. Basi kama silinda itaunganishwa kwa bomba na chombo cha pili, na chombo hicho ndicho kiwe cha baridi, mvuke utakimbilia huko wenyewe na kupoa huko. Silinda ibaki na moto wake, na chombo cha pili kibaki na baridi yake.

Jumapili katika Scotland ya wakati ule haikuwa siku ya kushika nyundo. Alisubiri. Siku zilizofuata alijenga modeli yake ya kwanza kwa vitu vilivyokuwepo karibu: bomba kubwa la sindano la shaba, la aina iliyotumiwa na madaktari waliochunguza miili, pamoja na vibomba na vyombo vya bati alivyoviunganisha mwenyewe. Kwa pistoni isiyozidi sentimita 5 kwa upana, kifaa hicho kiliinua mzigo wa kilo 8 hivi. Ndani ya juma moja, kichwani mwake alikuwa na injini nzima.

Miaka 11 ya kusota

Hapa ndipo mahali ambapo hadithi nyingi za wavumbuzi huruka na kwenda moja kwa moja kwenye utajiri. Kwa Watt haikuwa hivyo. Kati ya wazo la Mei 1765 na injini zake za kwanza kufanya kazi mahali pa biashara ilipita miaka 11.

Kisa ni kwamba kitu kinachokubali mezani si lazima kikubali kikiwa kikubwa. Silinda ya upana wa sentimita 5 fundi hodari anaweza kuisugua kwa mkono hadi iwe duara kamili. Silinda ya nusu mita hawezi. Wahunzi wa wakati ule walitengeneza kwa nyundo na kwa kusubu chuma, na silinda ikitoka kama yai hakuna aliyejali. Newcomen alilitatua kwa kumwaga maji juu ya pistoni yazibe mianya. Watt hakuweza kutumia maji, kwa sababu yangepoza silinda na kurudisha ugonjwa ule ule. Alijaribu ngozi, nguo zilizolowekwa mafuta, karatasi iliyopondwa. Mvuke uliendelea kuvuja.

Fedha nazo zilikwisha. Mbia wake Craig alifariki mwaka 1765. Joseph Black alimkopesha, kisha akamkutanisha na John Roebuck, mwenye kiwanda cha chuma, ambaye alilipa madeni yake ili apate theluthi mbili ya faida. Januari 1769 Watt alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake. Lakini injini ya majaribio waliyoijenga kwenye makazi ya Roebuck ilivuja na kusuasua.

Ili familia ile, Watt akawa mpima ardhi. Kwa miaka kadhaa alizunguka Scotland akipima njia za mifereji, kwenye mvua na baridi, huku injini yake imelala bandani. Roebuck akafilisika mwaka 1773. Mwaka huo huo, Septemba, Watt akiwa kaskazini milimani akipima njia ya mfereji, alipata habari kwamba Margaret mkewe, aliyekuwa mjamzito, ni mgonjwa sana. Alifunga safari ya kurudi. Alipofika alikuwa ameshafariki. Kati ya watoto wao watano, wawili tu ndio waliokua, James na Margaret.

Birmingham na mtoboa mizinga

Theluthi mbili za Roebuck zilichukuliwa na Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho karibu na Birmingham. Boulton alikuwa kinyume cha Watt: mchangamfu, mthubutu, mtu wa kuuza. Watt alichukia kujadili bei na alikuwa mwepesi wa kukata tamaa. Mwaka 1774 Watt alihamia Birmingham, na mwaka uliofuata Bunge likairefusha hataza yake hadi mwaka 1800.

Lililokuwa limekosekana lilipatikana kwa John Wilkinson, mfua chuma aliyetengeneza mashine ya kutobolea mizinga mwaka 1774. Mashine yake iliweza kutoboa silinda kubwa ikawa duara, kasoro yake ikawa unene wa sarafu tu. Kile Watt alichokifanya kwa mkono kwenye modeli, sasa kiliwezekana kwenye chuma kikubwa. Mwaka 1776 injini mbili za kwanza zilianza kazi, moja kwenye mgodi wa makaa wa Bloomfield, ikiwa na silinda ya upana wa mita moja na robo, na nyingine kwenye kiwanda cha Wilkinson mwenyewe.

Wateja wakubwa walitoka Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Huko kulikuwa na migodi ya shaba na bati, lakini makaa ya mawe yalikuwa ghali kwa sababu yaliletwa kwa meli. Boulton na Watt walikuwa na mpango wa malipo wa aina yake: mteja anajenga injini, kisha kila mwaka anawalipa theluthi moja ya thamani ya makaa aliyookoa ukilinganisha na injini ya zamani. Wenye migodi walifurahi mwanzoni, baadaye wakalalamika.

Katika miaka ya 1780 Watt aliongeza mambo mengine. Alipata njia ya kugeuza mwendo wa kupanda na kushuka uwe wa kuzungusha gurudumu, jambo lililoifanya injini iendeshe viwanda vya nguo na vinu. Aliufanya mvuke usukume pistoni pande zote mbili. Alibuni mpangilio wa vyuma ulioifanya fimbo ya pistoni isimame wima wakati boriti inazunguka, na inasemekana huo ndio alioujivunia kuliko kazi zake zote. Tena mwaka 1788 aliweka kidhibiti chenye mipira miwili inayozunguka: injini ikizidisha mwendo, mipira inatanuka na kupunguza mvuke yenyewe. Mwaka 1780 alikuwa ameshapata hataza ya mashine ya kunakili barua, iliyotumika maofisini kwa miaka mingi, eti kwa sababu alichoka kunakili zake kwa mkono.

Hakuwa malaika katika biashara. Aliilinda hataza yake kwa kesi mahakamani dhidi ya mafundi wengine, na aliogopa mvuke wa shinikizo kubwa kwa sababu ya hatari ya kulipuka. Msaidizi wake hodari, William Murdoch, alipotengeneza modeli ndogo ya gari la mvuke mwaka 1784, Watt hakumtia moyo. Wapo wanaosema aliichelewesha reli. Ni kweli kwamba injini za shinikizo kubwa zilishika kasi baada ya mwaka 1800, hataza yake ilipokwisha.

Farasi wa kinu

Wati tunayoijua ilitokana na tatizo la kuuza. Wenye vinu na viwanda vya pombe walizungusha mitambo yao kwa farasi. Walitaka kujua injini moja itachukua nafasi ya farasi wangapi. Watt alikadiria kazi ya farasi wa kinu, akaweka kipimo: nguvu ya farasi mmoja ni sawa na kuinua mzigo wa kilo 76 hivi kwa mita moja katika kila sekunde. Ndiyo nguvu farasi inayotajwa mpaka leo kwenye pikipiki, matrekta na mashine za kusaga.

Mwaka 1882 wanasayansi wa Uingereza walihitaji jina la kipimo cha nguvu ya umeme, na mhandisi William Siemens akapendekeza jina la Watt. Mwaka 1960 kipimo hicho kiliingizwa kwenye mfumo wa kimataifa. Nguvu farasi moja ni takriban wati 746. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja mfululizo inakula uniti moja ya umeme.

Chumba cha darini

Watt alioa tena, mke wa pili akiwa Ann MacGregor. Walipata watoto wawili, Gregory na Janet. Janet alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1794, akiwa na miaka 15. Watt alikabili msiba kwa njia aliyoijua: alishirikiana na daktari Thomas Beddoes, akamtengenezea mitambo ya kuvutisha wagonjwa gesi, wakitumaini itaponya mapafu. Haikuponya. Gregory, kijana aliyekuwa ameanza kujulikana kwa utafiti wa miamba, alifariki kwa ugonjwa huo huo mwaka 1804, akiwa na miaka 27.

Wakati huo Watt alikuwa ameshastaafu na ni tajiri. Hataza ilikwisha mwaka 1800, akawaachia kazi vijana. Angeweza kukaa barazani akapumzika. Lakini katika nyumba yake ya Heathfield, karibu na Birmingham, alikuwa na chumba kidogo darini chenye dirisha moja, na hapo aliweka karakana. Chini ya dirisha kulikuwa na kerezo ya kukanyaga kwa mguu. Kulikuwa na jiko, rafu, droo na makopo, na zana nyingine zilikuwa za tangu enzi za vipimo na filimbi za Glasgow. Inasimuliwa kwamba Ann alikuwa mtu wa usafi asiyevumilia masizi na mafuta ndani ya nyumba, na kwamba mzee akizama kwenye kazi alijipikia huko huko juu.

Kazi yake kubwa ya uzeeni ilikuwa mashine mbili za kunakili sanamu. Ncha moja hupapasa sanamu halisi taratibu, na mikono ya chuma hupeleka mwendo huo huo kwenye keekee inayokata jiwe pembeni. Mashine moja ilitoa nakala ya ukubwa ule ule, na nyingine ilitoa nakala ndogo. Hakuchukua hataza. Hakuziuza. Alichonga vichwa vya sanamu, akavigawa kwa marafiki, huku akitania kwamba ni kazi ya msanii chipukizi mwenye umri wa miaka zaidi ya 80.

Alifariki tarehe 25 Agosti 1819, akiwa na miaka 83, na alizikwa Handsworth, karibu na nyumbani kwake. Chumba cha darini kilifungwa, na kwa miongo mingi kiliachwa karibu kama alivyokiacha. Mwaka 1924 vitu vyote, zaidi ya 8,000, pamoja na mlango, dirisha na mbao za sakafu, vilihamishiwa Jumba la Makumbusho ya Sayansi jijini London. Nyumba yenyewe ilibomolewa miaka michache baadaye. Tangu mwaka 2011 wageni wanaweza kuisimamia mlangoni karakana hiyo na kutazama ndani. Ile modeli ya Newcomen iliyogoma nayo ipo, inatunzwa na Chuo Kikuu cha Glasgow.

Waliofungua chumba hicho hawakukuta mashine na zana tu. Kati ya chupa za kemikali, vichwa vya sanamu vya plasta na vipande vya chuma lilikuwepo sanduku lenye vitabu, daftari za shule na michoro ya Gregory. Baba yake alikuwa ameliweka pale, karibu na meza ya kazi.